Pumzi na Koo: Jinsi Sauti ya Mhubiri na Mwimbaji Inavyotokea, na Jinsi ya Kuitunza



Kila mwaka kiangazi kinapofika, makanisa mengi ya kwetu, kuanzia Kamanyola na Sange katika bonde la Ruzizi, kupitia Kavimvira, Mulongwe na Kalundu, hadi Makobola, Mboko na Baraka, huwa na juma za injili, semina na mikesha. Na kila mwaka tunaona jambo lile lile. Siku ya kwanza mhubiri ana sauti safi. Siku ya pili sauti ina mkwaruzo. Siku ya tatu imekauka kabisa, naye anasukuma maneno kwa shingo iliyotutumka mishipa. Watu huitikia kwa furaha wakisema kwamba leo mtumishi ana upako.

Sisi wenyewe tulikuwa tunafikiri hivyo. Tulipokuwa vijana katika huduma tulihubiri usiku nne mfululizo, na Jumapili yake hatukuweza hata kutamka baraka ya kufunga ibada. Mzee mmoja wa kanisa aliisoma badala yetu. Ilichukua karibu mwezi mmoja sauti kurudi, na wakati huo hatukuzika, hatukufundisha, wala hatukuomba na wagonjwa isipokuwa kwa kunong'ona. Ndipo tulipoanza kuuliza: sauti inatoka wapi, na ni nini kinachoivunja?

Makala hii ni jibu la swali hilo. Tumeiandika kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa korali na wote wanaotumia sauti kwa kazi ya Mungu. Jambo kuu ni hili: sauti haitengenezwi na koo peke yake. Inatengenezwa na pumzi inayopita kooni. Pumzi ikitumika vibaya, koo ndilo linaloumia.

Viungo vinavyohusika

Tukiweka kidole mbele ya shingo na kumeza mate, tunasikia kitu kigumu kikipanda na kushuka. Hicho ndicho zoloto, kisanduku cha sauti. Kwa wanaume wengi kinatokeza zaidi kuliko kwa wanawake. Zoloto limekaa juu ya bomba la hewa linaloshuka mpaka kwenye mapafu. Nyuma yake kuna umio, njia ya chakula.

Ndani ya zoloto kuna mikunjo miwili ya nyama laini, mmoja kulia na mmoja kushoto. Watu huiita nyuzi za sauti, ingawa haifanani na uzi wala waya wa gitaa. Ni kama midomo miwili midogo. Kwa mwanamume mtu mzima urefu wake ni karibu milimita 17 hadi 25, na kwa mwanamke karibu milimita 12 hadi 17. Hotuba zote na nyimbo zote tunazozisikia hupitia mahali padogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Mungu hakuweka mikunjo hiyo kwa ajili ya kusema tu. Kazi yake ya kwanza ni kulinda mapafu. Tunapomeza, mikunjo hufunga na kidakatonge huinama juu yake ili ugali usiingie katika njia ya hewa. Tunapokohoa, mikunjo hufunga kwanza, msukumo wa hewa unajaa chini yake, kisha inafunguka ghafula. Tunapoinua mfuko wa mihogo au kusukuma mtumbwi mchangani, tunafunga pumzi, na mlango unaoifunga ni mikunjo hiyo hiyo. Kwa hiyo zoloto linajua kubana kwa nguvu. Shida huanza tunapoleta nguvu ile ya kuinua mzigo katika kazi ya kusema.

Pumzi ya kukaa na pumzi ya kusema

Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Unaitwa kiwambo. Tunapovuta hewa, kiwambo kinashuka, mbavu zinapanuka kwenda pembeni, na mapafu yanajaa. Kiwambo kikishuka kinasukuma matumbo mbele, na ndiyo sababu tumbo la mtoto mchanga aliyelala huinuka na kushuka. Hakuna aliyemfundisha, anapumua vizuri kuliko wengi wetu madhabahuni.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huingiza karibu nusu lita ya hewa. Muda wa kuvuta na muda wa kutoa havipishani sana: kuvuta huchukua kama sehemu 4 kati ya 10. Tukianza kusema, hali inabadilika. Tunavuta haraka sana, kama sehemu 1 kati ya 10 ya muda, kisha tunaitoa hewa polepole, maneno yakipanda juu yake.

Mapafu yaliyojaa yanataka kurudi katika hali yake, kama mpira uliopulizwa. Mwanzoni mwa sentensi hewa inataka kutoka yenyewe, tena kwa nguvu kuliko tunavyohitaji. Hapo misuli ya mbavu na ya kiwambo huishika isitoke yote kwa mara moja, kama dereva anayeshuka mlima kutoka Bukavu kuja bondeni akikanyaga breki kidogo kidogo. Katikati ya sentensi nguvu zinalingana. Tukiendelea kusema hadi hewa iliyobaki ni chache, mapafu hayasukumi tena, na inabidi tuikamue hewa kwa misuli ya tumbo na ya mbavu. Mtu anayezungumza kwa utulivu huvuta tena kabla ya kufika hapo. Mhubiri aliyechangamka hafanyi hivyo. Anaikamua hewa mpaka tone la mwisho, na wakati huo koo linabana ili kuokoa kidogo kilichobaki.

Sauti inavyozaliwa

Tunapovuta hewa, mikunjo ya sauti inafunguka kama mlango wa pande mbili. Tunapotaka kusema, inakaribiana. Hewa inayotoka mapafuni inafika chini yake na kukuta mlango umefungwa. Msukumo unaongezeka mpaka mlango unafunguka, hewa kidogo inapita, kisha mikunjo inarudi kugusana kwa sababu inavutika kama raba na kwa sababu hewa inayopita kwa kasi hupunguza msukumo kati yake. Halafu inasukumwa tena. Mtoto anayeigiza sauti ya moto akitetemesha midomo yake anafanya jambo hilo hilo: hachezeshi midomo kwa msuli, bali pumzi ndiyo inayoitikisa.

Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji Manuel García, aliyezaliwa katika familia ya waimbaji wa Hispania, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuangalia koo lake mwenyewe akiwa anaimba. Mwaka 1855 maelezo yake yalisomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza. Hadi leo madaktari wanatumia vioo na kamera kwa njia iliyotokana na ile. Mwaka 1958 mtaalamu wa Uholanzi, Janwillem van den Berg, alieleza kwa utaratibu jinsi pumzi na unyumbufu wa mikunjo vinavyofanya kazi pamoja. Ni vizuri tukumbuke kwamba aliyefungua mlango huo wa elimu alikuwa mwalimu wa waimbaji.

Mikunjo inagusana mara ngapi? Kwa mwanamume anayezungumza ni kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde moja. Kwa mwanamke ni karibu mara 200, na kwa mtoto ni zaidi ya hapo. Tufanye hesabu. Mchungaji akihubiri dakika 40, na tukisema kwamba sauti inalia nusu tu ya muda huo, ni sekunde 1,200. Mara 120 kwa sekunde, mikunjo yake imegongana mara 144,000 katika hubiri moja. Mama anayefundisha darasa la shule ya Jumapili kwa muda huo huo amefikisha 240,000. Ndiyo maana wanawake, hasa walimu na waimbaji wa sauti ya kwanza, huumia sauti kwa urahisi zaidi. Si kwamba ni dhaifu. Kazi ya mikunjo yao ni nyingi zaidi.

Kipimo cha msukumo: mrija na glasi ya maji

Hewa inayokaa chini ya mikunjo ina msukumo, na msukumo huo unaweza kupimwa kwa kimo cha maji. Tuchukue glasi ya maji safi yaliyochemshwa au kutiwa klori, maana sisi wa Uvira tunajua kipindupindu kinapitia wapi. Tuweke mrija ndani, ncha yake iwe sentimita 6 chini ya uso wa maji, kisha tupulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu ile ndogo ya kutoa mapovu ndiyo karibu nguvu yote inayohitajika kwa mazungumzo ya kawaida, ambayo ni kama sentimita 5 hadi 10 za maji. Kupaza sauti sana kunaweza kufikisha sentimita 20 na zaidi.

Watu wengi hushangaa wanapofanya jaribio hili. Walidhani sauti inahitaji nguvu nyingi. Kumbe inahitaji kidogo, lakini iwe ya kudumu na isiyoyumba.

Sauti inaongezeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuongeza msukumo wa pumzi, mikunjo ikiwa imekaribiana bila kubanwa. Njia ya pili ni kubana mikunjo na shingo na kulazimisha hewa ipite. Zote mbili zinatoa kelele, lakini ya pili inachosha upesi, haifiki mbali na inajeruhi. Msikilizaji aliye nyuma anasikia ukali, ila maneno hayaelewi.

Makosa matano tunayoyaona madhabahuni

*Kuinua mabega.* Mtu anavuta hewa kwa kuinua kifua na mabega. Misuli ya shingo inakazwa, na zoloto liko katikati ya misuli hiyo. Hewa inaingia kidogo, na koo limekwisha kubanwa kabla ya neno la kwanza. Kiwambo kikishuka vizuri, kinavuta bomba la hewa chini kidogo, na zoloto linashuka pamoja nalo na kulegea.

*Kusema bila kuvuta.* Mhubiri anaunganisha sentensi nne kwa pumzi moja kwa sababu anaogopa kimya. Tumejifunza kwamba kimya cha sekunde mbili hakimfukuzi Roho Mtakatifu. Kinampa msikilizaji nafasi ya kuelewa, na mapafu nafasi ya kujaa.

*Kugonga irabu.* Tunapopiga kelele ya "Aleluya!" au "Amina!", neno linaanza na "a". Wengi hufunga mikunjo kabisa kwanza, wanajaza hewa chini, kisha wanaifungua kwa kishindo. Fanya hivyo mara mia moja katika ibada moja, na mikunjo inavimba. Dawa yake ni rahisi: tuanze na pumzi nyepesi, kana kwamba tunasema "Haleluya". Sauti inaingia juu ya hewa inayotembea tayari.

*Kupanda juu bila kushuka.* Mhubiri anapanda sauti katika dakika ya tano na kubaki huko mpaka mwisho. Sauti nyembamba inavuta mikunjo iwe mirefu na ya kukazwa, na migongano kwa sekunde inaongezeka. Mtu akiimba noti ya la ya katikati, ile wanayotumia kulinganisha vyombo, mikunjo inatetemeka mara 440 kwa sekunde.

*Kusafisha koo.* Kukohoakohoa kila dakika ili kuondoa kohozi kunagonganisha mikunjo kwa nguvu, kisha kohozi jingine linatoka kuilinda. Afadhali kumeza mate au kunywa funda la maji.

Mambo ya mazingira yetu

Makanisa yetu mengi yameezekwa kwa manjanja. Mvua ikianza, mhubiri anashindana na ngoma ya mbinguni. Kuna jambo ambalo daktari wa Ufaransa Étienne Lombard alilieleza mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Hatuamui, masikio ndiyo yanayoamua. Ndivyo inavyokuwa pia jenereta ikiwa karibu na dirisha, au mpiga ngoma akiwa nyuma ya korali. Shauri letu ni kwamba mvua kubwa ikinyesha, hubiri lisimame na kanisa liimbe pamoja au liombe kimya mpaka ipungue. Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo wa ziwa hauleti moshi ndani.

Kuhusu mikro: tumeona ndugu wenye mikro nzuri na mabafle mawili, lakini wanapiga kelele kama wako jangwani. Sababu ni kwamba mabafle yanaelekea watu tu, naye mhubiri hajisikii. Bafle dogo moja likielekezwa kwake, atapunguza sauti mwenyewe. Mikro ishikwe karibu na mdomo, upana wa kiganja. Kazi ya kupeleka sauti mbali ni ya umeme, siyo ya koo.

Kiangazi kina vumbi, na jikoni kuna moshi wa makaa. Vyote viwili vinakausha na kuwasha mikunjo. Pua ni chujio: inapasha hewa joto na kuitia unyevu. Tukiwa tumekaa tukingoja zamu ya kuhubiri, tupumue kwa pua.

Kuna pia suala la mfungo. Hatuandiki kupinga kufunga. Kanisa letu limesimama kwa maombi. Lakini mwili ukikosa maji, utando unaofunika mikunjo unakuwa mzito na wa kunata, na inahitajika pumzi yenye msukumo mkubwa zaidi ili kuitikisa. Kwa hiyo anayefunga bila maji siku tatu na kisha kuhubiri kwa sauti kuu usiku wa tatu anatumia nguvu nyingi zaidi juu ya mikunjo iliyo kavu. Kanisa lenye busara linapanga: wale wanaofunga bila maji waombe, na wale wanaokunywa wahubiri. Au mhubiri anywe maji mchana kutwa, maana funda la dakika ya mwisho hulowesha kinywa, lakini maji ya kulainisha mikunjo hutoka mwilini taratibu.

Tena wako watumishi wanaopanda kutoka pwani kwenda kuhudumu katika nyanda za juu. Uvira iko ufuoni, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Itombwe inapita mita 3,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili unapumua haraka zaidi ili kupata oksijeni. Mhubiri aliyefika jana anajikuta anakatika pumzi katikati ya mstari. Asijilaumu wala asikamue. Afupishe sentensi, apumzike siku moja kwanza kama inawezekana, na awape wenyeji nafasi ya kuongoza nyimbo.

Hatimaye, lugha. Kifuliru, kama lugha nyingi za Kibantu, kina toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Kiswahili hakina jambo hilo. Mhubiri aliyekauka sauti anaweza kueleweka bado kwa Kiswahili, lakini akigeukia Kifuliru anapoteza sehemu ya maneno yenyewe.

Wahubiri waliotutangulia

George Whitefield alihubiri nje, bila mikro, katika karne ya 18. Mwaka 1739 huko Philadelphia, Benjamin Franklin alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka sauti ya Whitefield ilipofifia, kisha akakadiria eneo na kuona kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia. Lakini Whitefield huyo huyo alisumbuliwa na pumu, na alifariki mwaka 1770 akiwa na miaka 55, siku moja baada ya kuhubiri muda mrefu hadharani. Charles Spurgeon, aliyehubiria watu 23,654 katika jumba la Crystal Palace, London, tarehe 7 Oktoba 1857, aliweka somo zima juu ya sauti katika mafunzo ya wanafunzi wake wa uchungaji. Hakuona kwamba ni jambo la kimwili lisilofaa kufundishwa. Shule zetu za Biblia zingefanya vizuri kumfuata katika hilo.

Hata Bwana wetu alitumia mahali kwa hekima. Tunasoma katika Marko 4 na Luka 5 kwamba aliingia katika chombo, kikasogezwa kidogo kutoka ufuoni, akawafundisha watu waliokuwa nchi kavu. Sisi wa ziwani tunaelewa haraka. Uso wa maji uliotulia hauimezi sauti kama umati wa watu au majani, unairudisha. Wavuvi wetu wanajua kwamba neno lililosemwa kwenye mtumbwi usiku husikika mbali. Basi anayehubiri ufuoni achague mahali, asimame ambapo upepo unapeleka sauti kwa watu, kabla hajaamua kuongeza nguvu.

Dalili ambazo hazipaswi kudharauliwa

Mikunjo ikigongana kwa nguvu kwa muda mrefu, inavimba. Ikiendelea, vinatokea vinundu vidogo pande zote mbili, mahali inapogongana zaidi, kama sugu za mkono wa mkulima. Vinundu vingi hupungua kwa kupumzisha sauti na kubadili namna ya kuitumia. Wakati mwingine mshipa mdogo wa damu hupasuka kwa kelele moja kubwa, na sauti inatoweka ghafula. Hapo ni kunyamaza kabisa na kutafuta daktari.

Sauti iliyokauka kwa mafua hurudi ndani ya juma moja au mawili. Ikipita majuma matatu bila kurudi, tuende kituo cha afya, na tuombe kuelekezwa hospitali kuu au kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tusingoje ikiwa kuna kikohozi cha majuma mawili au zaidi, kukonda, jasho la usiku au damu katika makohozi, maana kifua kikuu kinaweza kukaa hata kwenye zoloto. Dawa zake katika nchi yetu hutolewa bure. Tusingoje pia ikiwa kuna shida ya kumeza, shida ya kupumua, uvimbe shingoni, au kwa mtu anayevuta sigara.

Tunasema hili kwa uzito. Tulimfahamu mwinjilisti mmoja aliyekaa na sauti ya mkwaruzo miezi saba. Wengine walimwambia ni vita vya kiroho, wengine wakamsifu kwamba ameitumia sauti yake kwa Bwana. Sisi nasi tulimwombea, na tukaishia hapo. Alipopelekwa hospitali ilikuwa kifua kikuu, na watoto wawili nyumbani kwake walikuwa wameambukizwa. Walipona wote, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile, kila tunapomwombea mtu aliyepoteza sauti, tunamuuliza pia ameanza lini kukohoa.

Mazoezi ya dakika kumi

Haya yanaweza kufanywa na korali nzima kabla ya mazoezi, au na mhubiri peke yake asubuhi.

1. Lala chali, kitabu juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua mpaka kitabu kiinuke, mabega yakiwa yametulia. Rudia mara kumi. Kisha simama na ufanye vivyo hivyo, mkono ukiwa chini ya mbavu.

2. Toa hewa kwa "sss" polepole, bila kuyumba, sekunde 15. Simama kabla hujaanza kukamua. Ukizoea, fika sekunde 20 au 25.

3. Weka mrija sentimita 2 au 3 ndani ya maji, na utoe sauti ya "uuu" pamoja na mapovu, ukipanda na kushuka. Maji yanarudisha msukumo kidogo juu, na mikunjo inatetemeka bila kugongana kwa ukali. Dakika tatu zinatosha.

4. Vuma "mmm" midomo ikiwa imefungwa, mpaka usikie mtetemo puani na mdomoni. Kisha fungua: "mmma, mmme, mmmi".

5. Soma zaburi moja kwa sauti ya mazungumzo. Vuta pumzi kila penye alama ya kituo. Usipite kituo hata kimoja.

Baada ya hubiri tunyamaze kidogo. Mazungumzo marefu mlangoni mwa kanisa, tukishindana na kelele za mabafle, humaliza sauti kuliko hubiri lenyewe. Wala tusinong'one kwa nguvu tukidhani tunapumzisha koo. Kunong'ona kwa kukaza nako kunachosha. Ni afadhali sauti ndogo ya kawaida, au kimya.

Neno la mwisho

Katika Kiebrania neno ruaki, na katika Kigiriki neno pneuma, linamaanisha pumzi, upepo na roho. Mwanzo 2 inaonyesha mwanadamu wa udongo asiyeishi mpaka alipopuliziwa pumzi. Ezekieli 37 inaonyesha mifupa iliyokwisha kuunganishwa, yenye nyama na ngozi, lakini bila pumzi. Pumzi tunayoitumia kuhubiri tumepewa. Hatukuinunua, na hatujui ni ngapi zilizobaki.

Ndiyo sababu kuitumia ovyo hakuongezi utakatifu. Eliya pale mlimani hakumkuta Bwana katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika sauti ndogo iliyokuja baadaye. Yako mahubiri yatakayohitaji kupaza sauti, na Mungu ametupa kiwambo na mbavu kwa ajili hiyo. Lakini wako pia wajane wa kufariji, vijana wa kuonya kwa upole, na wagonjwa wanaohitaji kusikia jina lao likitajwa karibu na kitanda. Tukiiacha sauti yote juu ya jukwaa, tutawaendea hao na nini?

Tunaomba kila kanisa la mahali lijadili makala hii na korali yake na wahubiri wake kabla ya kampeni ijayo. Na mchungaji akisema kwamba amechoka sauti, mashemasi wasimlazimishe. Wampe maji na kiti, na mwingine asome Neno.

Bwana awabariki na kuwalinda.